Swichi ya usalama inajizima kila mara? Usikimbilie kuibadilisha

Umeme ukikatika kwako peke yako na taa za jirani zinawaka, fungua boksi la swichi uangalie kwanza ni ipi iliyoshuka. Zile breka nyembamba zilizojipanga hushuka kwa sababu ya mzigo mkubwa au shoti. Ile pana yenye kitufe kidogo cha kujaribia ndiyo swichi ya usalama, na yenyewe haijali sana mzigo. Inalinganisha umeme unaotoka kwa waya wa moto na ule unaorudi kwa nyutro. Vikitofautiana, kuna unaovuja kwenda ardhini, na njia ya kwenda huko inaweza kuwa mwili wa mtu. Nyingi za majumbani zimeandikwa 30 mA (miliampea 30), kiasi kidogo mno ambacho breka ya kawaida haiwezi kukihisi.

Kwa hiyo ikishuka, usiipandishe mara tano mfululizo ukitumaini itachoka. Na kama kuna harufu ya kuungua, maji yameingia kwenye soketi, au mtu amepigwa na umeme, usiipandishe kabisa, ita fundi.

Vinginevyo, chomoa kila kitu ukutani. Nasema chomoa, si kuzima. Swichi ya soketi mara nyingi hukata waya wa moto tu, nyutro inabaki imeungwa, na kifaa ambacho nyutro yake imegusa waya wa ardhi kitaendelea kukusumbua hata kikiwa kimezimwa. Hapa ndipo wengi wanapopotea: wanazima birika, swichi inashuka tena, wanahitimisha kwamba birika halina kosa.

Ikipanda na kutulia, rudisha vifaa kimoja kimoja, ukikiwasha na kukiacha kifanye kazi hadi kipate moto. Anza na washukiwa wa kawaida: birika, pasi, hita ya maji, mashine ya kufulia, chochote chenye elementi, kile kipande cha ndani kinachopata moto. Elementi ikipata ufa, unyevu huingia ndani na uvujaji huanza, wakati mwingine baada tu ya kuchemka.

Kuna makosa yenye ratiba. Kwangu swichi ilikuwa ikishuka usiku wa manane, watu wote wamelala, na asubuhi kila kifaa kilipita mtihani. Mwishowe ikaonekana ni friji. Yale yanayoyeyusha barafu yenyewe yana hita ndogo inayowaka kila baada ya saa kadhaa, na hita hiyo ndiyo iliyokuwa imeoza. Muda wa kushuka ni ushahidi, uandike. Ikishuka siku za mvua tu, tazama taa na soketi za nje kabla ya kitu kingine chochote.

Ikishuka huku hakuna kilichochomekwa, tatizo liko kwenye nyaya zenyewe au vilivyoungwa moja kwa moja, kama pampu na taa. Shusha breka zote, pandisha swichi ya usalama, kisha breka moja moja. Inayoiangusha umeipata. Lakini ikigoma hata breka zote zikiwa chini, usiilaumu upesi: breka nyingi hazikati nyutro, na msumari uliopigiwa ukutani kutundika picha unaweza kuwa umeunganisha nyutro na ardhi. Hapo kazi ni ya fundi mwenye mega, kipimo kinachosukuma volti 500 kwenye nyaya. Anayekuja na bisibisi ya testa peke yake atabahatisha kwa gharama yako. Na anayependekeza kuiruka swichi hiyo ili "umeme usikusumbue", mshukuru na umfungulie mlango.

Pengine hakuna kifaa kibovu hata kimoja. Kompyuta, televisheni na chaja nyingi huvujisha kidogo kwa maumbile yake, na vyote vikiwa nyuma ya swichi moja jumla inakaribia kikomo, kisha kitu chochote kinaisukuma. Dawa yake ni fundi kugawa saketi, kila kundi na swichi yake.

Kile kitufe kibonyeze mara moja kwa mwezi au kadiri mtengenezaji alivyoandika. Ukibonyeza na swichi isishuke huku umeme upo, hiyo sasa ndiyo ya kubadilishwa. Ikishuka, ujue umepima swichi tu. Waya wa ardhi wa nyumba hupimwa na fundi, kwa kifaa kingine.