Swali la Lugha: Fatuma, Fatima au Fatumah?

SWALI: Mwalimu, nakusalimu. Tumejaliwa mtoto wa kike hapa Mbale, Uganda, na akika yake ni Jumamosi ijayo. Mimi nataka aitwe Fatuma, jina la marehemu jaja (bibi) yangu aliyenilea. Dada yangu anasema hiyo ni jina ya zamani, na kama tunaing'ang'ania basi iandikwe Fatumah, ndivyo wanavyoandika siku hizi. Mama mkwe wangu, ambaye ni Mkatoliki, anasema iliyo sahihi ni Fatima. Je, Fatuma ni jina mzuri au tumekosea? Na kwenye cheti tuandikeje?

JIBU: Hongera, ndugu yangu, na Mungu amkuze. Fatuma ni jina zuri, hamjakosea, na kwenye cheti liandikwe Fatuma. Ukiwa na haraka ya kutafuta mbuzi wa akika unaweza kuishia hapa. Mimi siwezi, kwa sababu hiyo h ambayo dada yako ameitia mwishoni mwa jina la bibi yenu imekuwa ikinikera kwa muda mrefu, na leo nimepata nafasi ya kuisema.

Kwanza nipitie upesi jambo dogo. Neno jina ni la ngeli ya LI-YA. Tunasema jina zuri, jina la zamani, jina hilo tunaling'ang'ania. "Jina mzuri" na "jina ya zamani" tunayasikia kila siku kuanzia Busia hadi Arua, na mzizi wake ni kwamba wengi wetu tulikichuma Kiswahili barabarani na sokoni kabla ya kukikuta darasani. Kwa mzungumzaji nasamehe. Kwa mwandishi wa tangazo la redio sisamehi.

Sasa asili. Jina hili ni la Kiarabu, Fatima, na mzizi wake unahusu kumwachisha mtoto ziwa. Ndilo jina la binti yake Mtume, mke wa Ali, mama wa Hasani na Huseni, na kwa ajili yake limetapakaa popote Uislamu ulipofika. Huku kwetu lilikuja na misafara ya kutoka pwani. Inasimuliwa kwamba mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim alifika katika jumba la Suna, Kabaka (mfalme) wa Buganda, mwaka 1844, na mrithi wa Suna, Muteesa, alikuwa akizungumza Kiswahili mwenyewe. Majina ya Kiislamu tuliyapokea kutoka vinywani mwa watu waliosema Kiswahili, yakiwa yamekwisha kukatwa na kushonwa kwa vipimo vya lugha hiyo. Ndiyo sababu jaja yako aliitwa Fatuma, na ndiyo sababu hakuna aliyemwita vingine.

Hiyo u ya katikati imetoka wapi? Imetoka kwenye m. Kiswahili hakipendi konsonanti mbili za namna hii zigusane bila irabu kati yake, na Fatma, kama wengi walivyotamka na kama Unguja na Lamu wanavyotamka mpaka leo, lilikuwa na t iliyogonga m. Irabu ikaingia kuzitenganisha. Kwa kuwa m hutamkwa kwa midomo, irabu iliyoitwa ni u, ambayo nayo hutamkwa kwa midomo. Angalia Uthman alivyokuwa Athumani, na Luqman alivyokuwa Lukumani. Luganda imefanya vivyo hivyo ikampata Hamuza kutoka kwa Hamza. Hata mwishoni mwa majina utaona mkono uleule: Yakubu, Yusufu, Ibrahimu, Mariamu, yote yameishia kwa u kwa sababu b, f na m ni sauti za midomo, ilhali Saidi, Rashidi na Hasani yameishia kwa i. Anayedhani Fatuma ni Fatima lililoharibiwa na watu wasiojua kusoma hajaangalia jinsi lugha hii inavyofanya kazi. Jina hili limejengwa kwa kanuni, na kanuni hiyo ni ya zamani kuliko shule zetu zote.

Sasa niingie kwa h.

Fatumah. Liandike kwenye karatasi ulitazame. Nusu ya kwanza, Fatum-, ni ya Kiswahili kabisa: ina ile u ambayo hakuna Mwarabu aliyeiweka. Nusu ya mwisho, -ah, ni njia mojawapo ya kuhamisha maandishi ya Kiarabu kuyaleta katika herufi za Kirumi. Jina likaandikwa kwa lugha mbili ndani ya herufi saba! Kama unataka Kiarabu, andika Fatimah, uwe umekwenda safari nzima. Kama unataka Kiswahili, andika Fatuma. Fatumah halipo katika Kiarabu na halipo katika Kiswahili. Lipo kwenye rejista za shule za Uganda, na limezaa ndugu wengi: Halimah, Hadijah, Jamilah, Safinah, Hajarah, na lile linaloniuma kuliko yote, Rehemah.

Rehema! Neno hili ni letu. Kiarabu kinasema rahma. Kiswahili kikalichukua, kikalilainisha kwa e mbili, kikalifanya rehema, na sasa limo katika Biblia ya Kiswahili, limo katika dua, limo katika mazungumzo ya kila siku. Mzazi anamwita binti yake Rehema kwa sababu ameona rehema. Halafu karani fulani, au mwalimu wa darasa la kwanza, anaongeza h, na mtoto anatoka akiwa na jina ambalo si neno tena.

Najua jibu nitakalopewa. Nitaambiwa kwamba h ni heshima kwa dini, kwamba katika Kiarabu ipo. Basi tukiangalie Kiarabu. Herufi iliyo mwishoni mwa jina hilo huitwa taa marbuta. Umbo lake ni la h yenye nukta mbili juu, na zile nukta mbili ni za t. Ukisimama hapo hapo, unatoa pumzi nyepesi au haisikiki kabisa. Ukiendelea na neno jingine, inatokea t: Fatimatu z-Zahra, ndivyo msomaji wa Kiarabu anavyotamka jina kamili la binti yake Mtume. Kwa hiyo h mnayoilinda ni uamuzi wa baadhi ya watu walioandika Kiarabu kwa herufi za Kirumi, na wengine wengi walioifanya kazi hiyohiyo wameandika Fatima bila h, wakiwa Waislamu na wasiwe Waislamu. Dini haijapungukiwa na kitu.

Kiswahili nacho kiliikuta taa marbuta mara nyingi mno, na kimeishughulikia kwa njia mbili. Mara nyingine kimeidaka ile t, ndipo tukapata Hajati, cheo cha mama aliyehiji Maka. Mara nyingi zaidi kimeacha a peke yake: baraka, sadaka, dakika, hekima, huduma, ruhusa, madrasa, sura, fitina. Maneno yote hayo huko yalikotoka yana mkia uleule wa Fatima. Je, umewahi kumsikia mtu akiomba dakikah mbili? Umewahi kuona bango la zahanati limeandikwa "hudumah kwa wajawazito"? Yule shehe anayeandika jina la bintiye kwa h anaandika "tunaomba sadaka" bila h, kwenye karatasi moja, kwa kalamu moja. Kama h ni heshima, sadaka imekosa nini?

Halafu kuna suala la mdomo. Silabi ya Kiswahili hufunguka mwishoni. H hukaa mwanzoni mwa silabi, kama katika hapa, hema, rehema. Iweke mwishoni mwa jina na haitatulia, itarukia neno linalofuata. Mpe mtoto wa darasa la tatu asome kwa sauti "Fatumah anapika". Akisoma kila herufi kwa uaminifu, kama tunavyomfundisha, atasema "Fatuma hanapika", na tutamrekebisha mtoto ambaye hana kosa lolote. Au simama mlangoni jioni umwite aliye kwenye migomba: Fatumaaa! Sauti inapanda kwenye tu, inafunguka kwenye ma, inakwenda mbali kadiri pumzi yako inavyoruhusu. Jaribu kuita kwa h. Huwezi kuivuta h. Hata dada yako, siku atakayomwita mtoto huyu aje kula, atamwita Fatuma, kwa hiyo anachokipigania ni herufi ambayo hatawahi kuitamka.

Ingekuwa ni sura tu ya jina kwenye karatasi, ningenyamaza. Lakini herufi hii inawagharimu watu. Kadi ya kliniki imeandikwa Fatuma, cheti cha kuzaliwa Fatumah, matokeo ya mtihani Fatuma, kitambulisho cha taifa Fatumah. Binti anafika mahali pa kuomba kazi au mkopo wa masomo anaambiwa hawa ni watu wawili. Anakwenda kwa wakili, analipa, anakula kiapo kwamba Fatuma na Fatumah ni mtu mmoja, na mtu huyo ni yeye. Nimewaona wasichana wakipita katika usumbufu huo, na kila mara najiuliza ni nani aliyefaidika na herufi ile.

Katiba yetu ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya 2005. Na tahajia yake hatukuiokota: Uganda ilikuwamo katika Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili pamoja na Kenya, Tanganyika na Zanzibar, na katika miaka ya 1950 makao ya kamati hiyo yalikuwa Makerere, hapa hapa. Tuna haki ya tahajia hii kama walivyo nayo watu wa Tanga. Inaniuma kuona tunaipa kisogo kwenye majina ya watoto wetu, mahali ambapo lugha hukaa na mtu maisha yake yote.

Dada yako anasema ni jina la zamani. Ni kweli. Mwishoni mwa karne ya 17 Unguja ilitawaliwa na Malkia Fatuma, ambaye Waomani walimchukua hadi Muscat kwa kuwa aliwaunga mkono Wareno. Lilikuwa la zamani wakati jaja yako anapewa. Lakini zamani ya namna hiyo ndiyo uzuri wake. Yapo majina yanayokuja na mwigizaji na kuondoka naye, na baada ya miaka 20 unaweza kukisia umri wa mtu kwa kusikia jina lake tu. Fatuma huwezi kulikisia hivyo. Linamfaa mtoto anayetambaa, linamfaa mwanafunzi, linamfaa daktari, na siku akienda Maka atakuwa Hajati Fatuma bila jina kuonekana limembana. Nyumbani watamkatia Fatu, au Tuma. Linakaa vizuri mbele ya jina lolote la ukoo, liwe la Kigisu, la Kiganda au la Kilugbara, kwa sababu lugha hizo nazo hazina ugomvi na silabi za fa, tu na ma.

Kuhusu Fatima la mama mkwe, hilo sina neno nalo. Wakatoliki wanamwita Bikira Maria wa Fatima kwa jina la mji wa Ureno ambako, mwaka 1917, watoto watatu walisimulia kwamba wamemwona. Mahali huandikwa kwa jina la mahali. Na mzazi Mwislamu anayependa Fatima kwa kuwa liko karibu zaidi na Kiarabu, naye yuko kwenye haki yake. Fatma ni sahihi pia. Hata Fatimah nitalivumilia, kwa shingo upande, maana angalau limekaa upande mmoja wa mto.

Na wale mabinti waliokwisha kuandikwa Fatumah, walio watu wazima sasa? Hao waachwe. Jina ni la mwenyewe, na ukimwandikia mtu barua mwandikie kama anavyojiandika, h na yote. Hasira yangu haiwahusu wao. Inamhusu aliyeshika kalamu siku ile. Leo kalamu iko mkononi mwako, ndugu yangu. Andika F-a-t-u-m-a kwa mkono wako mwenyewe kwenye fomu, usimwachie karani akuandikie kwa kusikia, na kabla ya kuondoka dirishani soma cheti herufi kwa herufi. Hakikisha kadi ya chanjo inasema hivyohivyo. Mama mkwe akiendelea kumwita Fatima, mwacheni, mtoto ataitika.