Kiswahili Si Kitambulisho cha Askari

Katika mtaa wetu wa Kisenyi, Kampala, mtu akifoka kwa Kiswahili, “Simama! Kaa chini!”, watu hutii kabla hawajageuka kumtazama ni nani. Mazoea hayo ni ya zamani, kwa kuwa Kiswahili ndiyo lugha ya jeshi na polisi, na wazee walioishi enzi za Idi Amin bado wanakihusisha na bunduki, ingawa tangu mwaka 2005 Katiba inakitaja kuwa lugha rasmi ya pili. Mimi niliyelelewa kwa lugha hii naumia kuona amri ya Kiswahili ikipokelewa kana kwamba ni kitambulisho.

Askari mwenye sare anayebeba bunduki barabarani hunitia wasiwasi, lakini baada ya mabomu ya Novemba 2021 katikati ya jiji naelewa kwa nini amesimama pale. Ninayemwogopa hasa ni mwenye bunduki aliyevaa kiraia, kama wale walioonekana wakifyatua risasi mitaani Novemba 2020, au wale waliokuwa wakichukua watu kwa magari ya Hiace yasiyo na namba, ambayo raia waliyaita droni.

Jioni moja wanaume watatu wa namna hiyo walimshika kijana wa jirani mbele ya duka langu. Nilitaka kubishana nao, na lingekuwa kosa kubwa. Mama mmoja muuza chakula alisogea polepole, mikono yake ikionekana, akauliza, “Wanangu, mnatoka kituo gani, na huyu anapelekwa wapi?” Mmoja alitaja kituo na kuonyesha kadi haraka haraka. Mama akamwambia kijana ataje kwa sauti jina lake kamili na namba ya simu ya nyumbani, nami nikampigia mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa. Kwenye kituo kilichotajwa tuliambiwa kijana hayupo. Tulimpata usiku uleule katika kingine, kwa sababu mwendesha bodaboda mmoja aliona gari lilikoelekea. Kulifuata gari la watu wenye silaha simshauri mtu yeyote, ila kukumbuka rangi yake na njia liliyoshika kunawezekana.

Kwa hiyo uliza kwa heshima, mbele ya mashahidi, usikimbie wala usishike nguo ya mwenye silaha. Ibara ya 23 ya Katiba inataka anayekamatwa aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, pamoja na haki yake ya kuwa na wakili, na asipoachiliwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Andika saa aliyokamatwa, maana hesabu inaanzia hapo. Nimewakaririsha wanangu namba yangu, kwa kuwa anayekamatwa hunyang’anywa simu kabla ya kitu kingine chochote.