Seva ya Kwanza Kwenye Kompyuta ya Nyumbani: Ushauri kwa Wanaoanza Hapa Tabora

Vijana wengi wanaojifunza kutengeneza programu za mtandao hapa Tabora huahirisha somo la seva kwa kuamini kwamba ni lazima kwanza wapate intaneti ya kudumu na fedha za kukodi nafasi kwenye kampuni za nje. Imani hiyo inawachelewesha bure. Seva ni programu inayosubiri maombi kwenye poti fulani (namba ya mlango wa mawasiliano ndani ya kompyuta) na kuyajibu, na inaweza kukaa kwenye kompyuta ileile unayoandikia kazi zako, iwe ni chumbani kwako Cheyo, Isevya au Ng'ambo, bila kutumia bando lolote baada ya kuisimika. Ombi linalotumwa kwa anwani 127.0.0.1 halitoki nje ya kompyuta yako kabisa. Linaondoka kwenye kivinjari, linafika kwenye seva, na jibu linarudi, hata kama mnara wa simu umezimika.

Nitaeleza kwa mfano wa Tomcat, seva ya programu za Java inayotolewa bure na Apache Software Foundation, ingawa anayetumia lugha ya PHP na XAMPP, mkusanyiko wa seva na hifadhidata kwa kompyuta ya nyumbani, atakuta mambo mengi yanafanana.

Kabla ya kupakua chochote, linganisha matoleo. Tomcat 9 inahitaji Java 8 au ya juu zaidi, Tomcat 10.1 inahitaji angalau Java 11, na Tomcat 11 inahitaji angalau Java 17. Zaidi ya hapo, kuanzia Tomcat 10 majina ya vifurushi vya msimbo wa Java vilivyokuwa vinaanza na javax yalibadilishwa yakawa jakarta, kwa hiyo programu iliyoandikwa kwa kufuata mafunzo ya zamani itakataa kufanya kazi kwenye toleo jipya, hata kama hujakosea herufi moja. Ikiwa daftari lako au kitabu ulichoazima kinatumia javax, chukua Tomcat 9 na uendelee na masomo. Kuhamia toleo jipya kutakuja baadaye. Tomcat yenyewe ni ndogo, lakini Java ya kutengenezea programu huzidi megabaiti 150, hivyo ni vyema kupakua vyote kwa pamoja wakati una bando la kutosha, kisha ukahakiki faili, yaani ulinganishe alama yake ya utambulisho na ile iliyoandikwa kwenye tovuti ulikolipakua, kwa amri ya certutil kwenye Windows au sha512sum kwenye Linux, kwa sababu faili lililokatika njiani huzaa makosa yasiyoeleweka. Jambo wasilolijua wengi ni kwamba Tomcat huja na maelezo yake kamili ndani ya folda ya webapps. Ukishaiwasha, unayasoma kwenye kivinjari bila intaneti, na mimi nayathamini kuliko video nyingi zinazomaliza bando.

Baada ya kusimika Java, weka JAVA_HOME, mpangilio wa mfumo unaoiambia Tomcat Java iko wapi, ielekee kwenye folda yake. Kisha usiwashe seva kwa kubofya faili la startup, kwa maana kukiwa na kosa dirisha jeusi litafumba kabla hujasoma neno. Fungua kidirisha cha amri, ingia kwenye folda ya bin, na uandike catalina run. Hapo ujumbe wote unabaki mbele ya macho yako.

Kusoma ujumbe huo ndiko kazi yenyewe, na hapa naomba uwe na subira. Anayeanza akiona mistari hamsini ya makosa hufuta kila kitu na kusimika upya, na kosa humsubiri palepale. Java huandika kosa la nje kwanza, kisha kosa lililolisababisha, kisha lililosababisha hilo. Kwa kawaida chanzo halisi kiko kwenye mstari wa mwisho kabisa unaoanza na maneno Caused by. Tafuta mstari huo, usome jina la kosa na jina la faili lako, ndipo ugeuze kitu kimoja tu na kujaribu tena. Kwa mfano, ukiambiwa kwamba anwani inatumika tayari, maana yake kuna programu nyingine iliyokalia poti 8080, ambayo Tomcat huitumia kwa kawaida, na mara nyingi ni Tomcat yako mwenyewe ya asubuhi ambayo haikuzimwa. Amri ya netstat -ano itakuonyesha namba ya programu hiyo; uizime, au ubadilishe poti kwenye faili la server.xml.

Jenga hatua kwa hatua. Hakikisha ukurasa wa seva yenyewe unafunguka, kisha ukurasa wako mmoja wa HTML, kisha programu isiyogusa hifadhidata, na mwisho hifadhidata. Anayeviunganisha vyote kwa mara moja hawezi kujua kilichoharibika ni kipi.

Ikishafanya kazi kwenye kompyuta, iangalie kwa simu. Washa hotspoti ya simu yako, hata isiyo na bando, uunganishe kompyuta, uandike ipconfig ili upate anwani, mathalani 192.168.43.57, halafu kwenye simu ufungue http://192.168.43.57:8080. Ikigoma, aghalabu ni ulinzi wa Windows unaozuia wageni, na Java inahitaji kuruhusiwa humo. Msidharau mpangilio huu mdogo. Nimetengeneza kwa namna hiyo programu ya kupokelea asali kwa kikundi cha wafugaji nyuki wa Sikonge: mpimaji anasimama kwenye mizani na simu, anaingiza jina la mfugaji na kilo za kila ndoo, na kompyuta iliyoko mezani inahifadhi na kujumlisha. Kazi inakwenda siku nzima bila intaneti.

Kuifungua seva kwa dunia nzima ni jambo lingine. Laini za simu kwa kawaida huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma, hivyo mtu wa nje hawezi kuanzisha mawasiliano na kompyuta yako, na muda utakaoutumia kuhangaika na mipangilio ya ruta utapotea. Programu ikihitaji watu wa mbali, ndipo ukodi seva. Wakati huo utakuwa umeshajua kuiendesha.

Kinachobaki ni umeme. Masika yetu, kuanzia Novemba hadi Aprili, huja na radi, na umeme hukatika ghafla. Chomoa chaja na ruta mawingu yanapofunga, zima hifadhidata kwa amri yake badala ya kuiachia betri iishe, na kama hifadhidata yako ni MySQL, kila jioni utoe nakala kwa amri yake ya mysqldump na kuiweka kwenye flashi. Kunakili folda ya data wakati MySQL inaendelea kufanya kazi si nakala ya kuaminika, kwa kuwa sehemu ya taarifa inaweza kuwa bado haijaandikwa kwenye diski. Tengeneza hifadhidata tupu, uirejeshee nakala hiyo, kisha ulinganishe idadi ya mistari na jumla, mathalani ya kilo za asali, na zile za hifadhidata ya awali. Zikilingana, nakala yako ni nzima.