Mpishi anatazama uso

Marahaba mwanangu. Huku tu wazima. Baba yako bado ana kesi na mbuzi wa jirani. Uwele umebeba vizuri mwaka huu ila ndege kwelea hawatupi nafasi, shangazi yako anashinda shambani anapiga debe tangu alfajiri.

Ujumbe wako nimeusikiliza huku nachambua karanga. Unasema mwenzako mnayekaa naye hosteli amekualika kwao Mandya likizo ikianza. Tonge lao la ulezi ulishalijaribu kwenye mgahawa hapo Bengaluru, India, likakukwama kooni, na sasa una wasiwasi: ukiwekewa nyumbani kwa watu, mama wa watu amekaa mbele yako, ukashindwa, useme nini asiudhike? Unataka nikupe maneno.

Maneno yapo, nitayafikia. Kwanza tuongee kuhusu ile picha uliyoweka status. Sahani ya chuma, tonge la kahawia linang'aa, bakuli la mchuzi pembeni, na wewe umekunja uso kama umelamba shubiri. Chini yake umejaza vikatuni vya kucheka hadi machozi. Wenzako wa hapa Dodoma wamecheka, kaka yako amecheka. Mimi nikaiweka simu chini nikaenda kuteka maji ambayo hata sikuyahitaji.

Unaijua picha ya kwenye albamu ya kijani, ya mzungu na mlenda. Mmeicheka tangu mkiwa wadogo, na kila mgeni akija mnaitafuta hiyo kwanza. Mzungu kainua mkono juu ya kichwa, mlenda unaning'inia kutoka kwenye tonge mpaka kwenye bakuli, kafumba macho, ulimi nje. Hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuniuliza yule aliyekatwa nusu pale pembeni ni nani. Lile bega na ile kanga ni za bibi yako mzaa baba.

Kaka yako alikuwa anatambaa. Walikuja vijana wawili wa Ulaya pamoja na watu wa mradi wa visima, wakafikia kwetu kwa kuwa nilikuwa nesi wa zahanati na Kiingereza cha kuombea maji nilikuwa nacho. Ilikuwa Oktoba, Bahi yote imekauka, mboga mbichi hakuna hata ya dawa. Bibi yako akateremsha mlenda wake mkavu, ule aliouchuma mwenyewe masika, akauanika, akautwanga. Akachemsha maji, akatia magadi kidogo, akawa ananyunyiza unga wa mlenda huku anakoroga, mwisho akamalizia na karanga za kutwanga. Hizo karanga zilikuwa mbegu. Alikuwa amezificha asubiri mvua ya Desemba. Hilo nililijua mimi na yeye. Wageni wangelijulia wapi.

Mmoja wao, yule mrefu, alisema mapema kabla chungu hakijaenda motoni: tumbo linamsumbua tangu Manyoni, kama kuna uji anaomba uji tu. Akapewa uji wa uwele. Akaunywa, halafu akaingia jikoni, akakaa kwenye kigoda moshi unamtoa machozi, akauliza kwa ishara magadi yanachimbwa wapi, akaomba ashike mchi. Alitwanga vibaya mno, unga ukaruka nje ya kinu. Bibi yako alicheka mpaka akashika kiuno.

Wa pili alikula. Simnyimi haki yake, alikula. Lakini kila tonge lilikuwa la kamera. Anainua, anauvuta uzi, anatoa macho, anajishika koo, na wale watu wa mradi wanacheka. Watu wa mradi walikuwa Watanzania wenzetu, na hapo ndipo panaponiuma mpaka kesho. Unajua mwenyewe mlenda una namna yake: unabonyeza tonge kwa kidole gumba, unachota, unazungusha kiganja kidogo tu uzi ukatike, unameza. Mtoto wa miaka mitatu wa kwetu anaweza. Bibi yako alikuwa amesimama ameshika jagi la maji ya kunawa, akataka kumwonyesha. Niliuona mkono wake umeanza kuzunguka hewani. Halafu akaurudisha ndani ya kanga.

Picha ililetwa na posta baada ya miezi mingi, pamoja na kadi ya shukrani. Bibi yako akaitazama, akasema, "Alikula vizuri," akaenda kuwamwagia kuku chakula. Baba yako alitaka kuichana. Niliyeibandika ni mimi.

Mpishi hatazami sahani, mwanangu, anatazama uso. Nimewaambia hivyo tangu mko shule ya msingi mnakwenda kula Idi kwa majirani, na nitawaambia mpaka mnizike.

Nimemsomea baba yako mpaka hapa na ameshaanza kubisha. Anasema aliyekula ni aliyekula. Yule mrefu alikataa chakula cha mama yangu, na wewe unamsifia kwa kumwaga unga! Ana hoja. Karanga za mbegu zilipikwa kwa ajili ya watu wawili akala mmoja, na huyo mmoja ndiye ninayemsema. Tena alikuwa kijana mdogo, mbali na kwao, pengine kwao kuchezea chakula mbele ya kamera ndiyo namna ya kusema umefurahi. Hiyo kadi hakulazimishwa kuituma. Nimejaribu kumsamehe kwa njia hiyo, inashika siku chache, halafu naukumbuka ule mkono na yote yanaanza upya.

Na ulezi huo unaoucheka ni wa kwetu. Wataalamu wa mimea wanasema ulianza kulimwa nyanda za juu za Afrika Mashariki, upande wa Ethiopia na Uganda, ukavuka kwenda India maelfu ya miaka iliyopita. Mtama nao ulitoka Afrika; kaskazini mwa hilo jimbo la Karnataka uliko wanauchoma mikate myembamba wanayoiita jolada rotti. Uwele ndio mkate wa Rajasthan. Hata ukwaju unaoukuta kwenye saaru, huo mchuzi wao wa kuchovya, mti wake asili yake ni Afrika, na hapa Dodoma unamea bila kubembelezwa na mtu. Wenzetu wamevipokea vyote wakavitunza. India ndiyo iliyopendekeza, na Umoja wa Mataifa ukaufanya 2023 kuwa mwaka wa kimataifa wa nafaka hizi. Sisi wenyewe, kwenye ardhi hii ya mvua ya msimu mmoja, mtu akipata mgeni anaona aibu kumsongea ugali wa uwele, anakimbilia soko la Majengo kutafuta mchele wa Mbeya. Siku hizi waheshimiwa wa serikali wamehamia hapa Dodoma, mlenda umepanda cheo, unaletwa mezani kwenye kibakuli cha udongo na bei yake ya hoteli. Sijui bibi yako angecheka au angewadai karanga zake.

Halafu wewe tonge lilikukwama kwa sababu ulilitafuna. Si ulinisimulia mwenyewe kwamba mwenzako alikukataza? Wanakata kipande, wanachovya, wanameza. Mtoto aliyelelewa na mlenda anashindwaje kumeza?

Tumbo ni jambo jingine, na hapo nasema kama nesi. Chakula kinachotoka motoni kinafuka moshi, kula hata kando ya barabara. Matunda yaliyokatwa yakaachwa wazi, barafu, maji ya bomba, hivyo kataa na usimwonee mtu haya. Ukianza kuharisha, chukua lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko 6 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, chumvi nusu kijiko cha chai, unywe kidogo kidogo. Ukiona damu au homa, nenda hospitali, usinipigie mimi kwanza.

Sasa maneno uliyoyaomba. Mwambie mwenzako leo, kabla hamjapanda basi, akuombee kwao wakupakulie kidogo, useme utaongeza. Mwulize pia kama kwao wanakula nyama au hawali, usije ukaleta zawadi isiyoingia ndani ya nyumba yao. Mkono wa kulia, hilo huhitaji kufundishwa. Ukitosheka sema saaku, wataelewa, ingawa mama wa watu atakuongezea tu, mama wote ni mama. Na kama tonge limekushinda, limekushinda. Acha sahani, ingia jikoni, omba kazi.

Ile picha sikuambii uifute. Wewe ni mtu mzima, na kaka yako ananiambia status inajifuta yenyewe baada ya saa 24, kwa hiyo ninapoandika haya labda imeshakwenda. Pengine huyo mwenzako aliiona akacheka pamoja nanyi, pengine ninyi vijana hamna shida na hayo na ni mimi tu na albamu yangu. Inawezekana kabisa. Sitaki kusema ulikosea. Ningekuwa mimi ningemwuliza kama mama yake naye anaona status zako, lakini wewe si mimi, basi, naacha.

Ukifika huko jikoni niangalizie kitu. Kaka yako alinionyesha video ya mama mmoja wa upande huo anasonga: anamwaga unga wote kwa mpigo katikati ya maji yanayochemka, rundo zima, hakorogi, anauacha utokote hivyohivyo, ndipo anashika mti wake na kuusonga. Sisi tunaanza na uji, na ugali wangu wa ulezi hauishi madonge tangu niolewe. Muulize mama wa watu anauacha muda gani kabla ya kusonga, na kama anapunguza moto au anauacha uwake.

Baba yako anakusalimu.

Mama