Mfuniko wa oili ukigoma, plaizi iwe ya mwisho

Mfuniko wa oili wa pikipiki unaogoma leo uliharibiwa siku ulipofungwa. Aliyeukaza kwa plaizi, au aliyezungushia silikoni ili usivuje, ndiye aliyekuachia kazi hii. Ukilijua hilo utaufungua bila kuuvunja, na utaufunga kwa namna ambayo safari ijayo utafunguka kwa vidole.

Tunazungumzia ule mfuniko wa plastiki ulio upande wa kulia wa injini, kwenye kava ya klachi, wenye kijiti cha kupimia oili kwa ndani. Ndio ulio kwenye bodaboda nyingi zinazopaki Mwanga, Ujiji na Kibirizi hapa Kigoma.

Kosa kubwa hufanyika hata kabla ya kuushika. Dereva anaingia mjini kutoka Kasulu, injini inachoma, anasimama gereji na kutaka oili imwagwe hapo hapo. Plastiki hutanuka kwa joto kuliko aluminiamu ya kava. Injini ikiwa ya moto, mfuniko umevimba ndani ya tundu lake na thredi, ile mistari ya kufungia, zimebanana. Ukiulazimisha, masikio yake, yale ya kushikia, ndiyo yanayokatika. Bolti ya kumwagia oili, kule chini, ina tabia tofauti kabisa. Ile ni chuma ndani ya aluminiamu, na aluminiamu hutanuka kuliko chuma, kwa hiyo joto kidogo huisaidia kulegea. Mafundi wengi wanaijua kanuni ya bolti, kisha wanaihamishia kwenye mfuniko. Hapo ndipo mifuniko inapoishia.

Kwa hiyo anza asubuhi, injini ikiwa baridi. Legeza mfuniko wa juu, urudishe kwa vidole bila kukaza, washa injini dakika 3 hadi 5 oili iwe nyepesi, zima, ndipo ufungue bolti ya chini, ambayo kwenye pikipiki nyingi hukubali spana namba 17. Usimwage oili kabla hujahakikisha mfuniko unafunguka, maana ukigoma baada ya injini kuwa tupu, pikipiki imelala hapo hapo. Anayebeba chumvi ya Uvinza aikague hiyo bolti mara kwa mara: chumvi ikipata unyevu huila aluminiamu pale inapogusana na chuma.

Sasa mfuniko wenyewe. Usafishe kwanza. Kiangazi, vumbi jekundu la barabara zetu hujaa pale mfuniko unapokutana na kava, likachanganyika na oili inayotoka jasho na kuwa tope gumu kama saruji. Chukua mswaki wa zamani na mafuta ya taa kidogo, sugua kuzunguka ukingo wote, futa kwa kitambaa. Kazi hii ina faida mbili: inaondoa kinachoubana mfuniko, na inazuia mchanga usidondoke ndani ya injini utakapofunguka. Kisha dondoshea WD-40, dawa ya kulegeza vilivyoganda, kwenye ukingo, matone machache tu, subiri dakika 20. Usiweke mawese, ingawa Kigoma yapo kila nyumba. Baridi ikiingia huganda, na joto la injini likiyapika siku nyingi huacha utando unaonata.

Ukirudi, usianze kwa kulegeza. Kaza kidogo sana, kama unene wa ukucha, halafu geuza kinyume cha saa. Oringi, ile pete ya mpira ya kuzibia, ikiwa imeganda kwenye kava huachia kirahisi ikisogezwa huku na huku kuliko ikivutwa upande mmoja. Mkono ukiteleza, kata ukanda wa tyubu ya zamani upana wa sentimita 3, uzungushe kwenye mfuniko mara mbili ukiuvuta, kisha shika juu yake. Tyubu peke yake hufungua mifuniko mingi. Usipokubali, gonga uso wa mfuniko kwa mpini wa nyundo, taratibu, mara kumi hivi, ujaribu tena. Bado? Chovya kitambaa kwenye maji ya moto, ukikamue, ukizungushe kwenye kava kuzunguka tundu kwa dakika 2 bila kuugusa mfuniko. Kava inatanuka kabla plastiki haijapata joto. Geuza mara moja. Ukisikia "tik" ndogo, oringi imeachia. Moto wa kibatari au wa gesi usiusogeze hapo, tangi la petroli liko juu yako.

Plaizi, ikibidi kabisa, iwe ile ya mdomo mpana, juu ya ukanda wa tyubu, imeshika sehemu ya chini ya mfuniko karibu na kava. Ukishika masikio peke yake unayang'oa.

Na yakishang'oka? Usitoboe kwa drili, vumbi la plastiki litaingia ndani. Chukua bisibisi bapa ya zamani, ipashe moto kwenye jiko mbali na pikipiki, ikandamize katikati ya mfuniko hadi ichimbe mfereji wa milimita 4 au 5. Iache ipoe ikiwa humo humo mpaka plastiki igande, kisha uizungushe taratibu. Mfuniko ukitoka, linganisha kijiti na vipande vyote. Kipande kikikosekana kiko kwenye injini, na itabidi kava ya klachi ifunguliwe kabla hujawasha. Usikubali maneno ya "kitatoka na oili".

Sasa iangalie oringi, maana hapa ndipo jibu lilipo. Oringi nzima ni ya mviringo ukiikata, na ukiikunja kidoleni inarudi yenyewe. Iliyokufa imekuwa bapa kama ukanda, inang'aa upande uliogusa kava, na ukiikunja inaonyesha mipasuko midogo. Hiyo haizibi tena, ndiyo maana mwenzako alikaza kwa plaizi. Nenda dukani na ile ya zamani mkononi, ulinganishe unene na upana. Usinunue kwa kukadiria kwa macho. Silikoni si mbadala wake. Huugandisha mfuniko, na nyuzi zake zikikatikia ndani husafiri na oili hadi kwenye chujio na kuliziba.

Kama oringi ni mpya na bado mfuniko unavuja, acha kukaza. Fuata mpira wa kupumulia injini. Ukikunjika, ukijaa tope au nyigu wakijenga humo, hewa ya ndani inakosa njia na inaisukuma oili itokee kwenye mfuniko. Uvue, upulize kwa mdomo. Hewa ipite bila kikwazo.

Wakati wa kufunga, futa thredi za pande zote mbili, paka oringi oili mpya ya injini. Weka mfuniko, uzungushe kwanza kinyume mpaka uhisi umedondoka kwenye mwanzo wa thredi, ndipo ukaze. Oringi ikigusa kava, ongeza robo mzunguko kwa vidole. Basi.

Kupima oili, simamisha pikipiki kwa stendi ya kati kwenye sakafu iliyo sawa, iwashe dakika 3, izime, subiri kama dakika 3. Futa kijiti, kiingize. Injini nyingi za aina ya CG 125 hupimwa kijiti kikiwa kimekaa juu ya tundu bila kufungwa thredi. Ukikifunga kinazama zaidi, kinaonyesha oili imetosha wakati imepungua. Injini hizo huchukua kama lita 0.9 unapobadilisha oili, kwa hiyo usimimine chupa nzima ya lita moja bila kupima.

Mfuniko ukivunjika njiani mbali na duka, chonga kijiti kikavu cha mti, kizungushie tyubu, kikae kwenye tundu bila kuvuka urefu wa thredi za mfuniko, kisha ukifunge kwa kamba ya mpira. Kitambaa usitumie, kinaweza kuvutwa ndani. Endesha taratibu hadi Kasulu au mjini, ukisimama kila kilomita 10 kuangalia kama kava inatoka jasho.