Mbio zetu hazina fedha za matangazo, tuanzie wapi?

SWALI: Sisi ni kikundi cha watu kumi na wawili tunaokimbia pamoja. Tunataka kuandaa mbio za kilomita 5 na 10 miezi minne ijayo, lengo ni washiriki 200. Tukishatoa za medali, maji na huduma ya kwanza, fedha zinazobaki ni kiduchu. Mwenzetu anasema zote ziende kwenye matangazo ya kulipia Facebook. Ni sahihi?

JIBU: Hapana. Tangazo la kulipia litawaletea dole gumba nyingi na wakimbiaji wachache. Mtu haachi kitanda alfajiri ya siku ya mapumziko kwa sababu ya bango aliloliona kwenye simu. Anakiacha kwa sababu rafiki yake amemwambia, "Mimi nimeshajisajili, umebaki wewe."

Kwa hiyo kaeni chini muandike orodha: vikundi vya kukimbia, vituo vya mazoezi, walimu wa michezo, wafanyakazi wa ofisi moja, kwaya. Mbele ya kila kikundi wekeni jina la mtu. Mara nyingi huyo si mwenyekiti. Ni yule anayetuma ujumbe usiku, "Kesho saa kumi na mbili kamili, asichelewe mtu," na watu kweli wanatokea. Msimtumie bango. Nendeni mkakimbie na kikundi chake siku moja, kisha mwambieni: akileta kumi, wa kumi na moja halipi. Ongezeni kikombe kwa kikundi kitakachomaliza na watu wengi zaidi. Gharama yake ni ndogo, na utani wa vikundi kushindana utawatangazia bure. (Kibali cha kutumia barabara kipatikane kabla ya haya yote. Kuahirisha tarehe iliyokwisha tangazwa ni aibu isiyofutika haraka.)

Fomu ya usajili iwe fupi. Mbio zangu za kwanza niliweka maswali kumi na manne. Nikakaa na jirani ajisajili nikimtazama. Alipofika kwenye kundi la damu akasema, "Ngoja nikaulize," na hadi leo hajarudi. Sasa nauliza jina, simu, umri, jinsia, umbali, mtu wa kupigiwa kukiwa na dharura, na swali moja la ziada: nani alikuambia habari hizi? Hilo ndilo jicho lenu. Baada ya wiki tatu hesabuni majibu, mtajua njia ipi ya kuwafikia watu iongezwe nguvu.

Jiandaeni pia kwa ukimya. Watu wengi hujisajili dakika za mwisho, na waandaaji wapya hupata hofu wakaanza kupunguza ada. Msifanye hivyo. Wekeni ada ya awali iliyo nafuu, yenye tarehe ya mwisho, na tarehe ikifika ada ipande kweli. Mkisogeza mara moja tu, hakuna atakayewaamini tena, na ninyi mtabaki hamjui muagize medali ngapi.

Wala 200 msiione ndogo. Marathoni ya kwanza ya New York, mwaka 1970, ilianza na watu 127, wakamaliza 55, wakizunguka ndani ya bustani ya Central Park. Parkrun, zile mbio za bure za kilomita 5 za kila wiki, ilianza London mwaka 2004 na wakimbiaji 13.

Kinachowarudisha watu ni mambo wanayoyasimulia wakifika nyumbani. Pimeni njia kwa baiskeli ambayo gurudumu lake mmelipima kwanza kwenye umbali unaojulikana, kisha ongezeni mita moja kwa kila kilomita, kama wafanyavyo wapimaji rasmi, ili njia isipungue. Mkimbiaji aliyepewa kilomita 10 pungufu hasahau, na hanyamazi. Matokeo yatoke siku hiyohiyo.

Na picha! Hapa ndipo ningetia sehemu kubwa ya hizo fedha zenu. Mpiga picha asimame kabla kidogo ya mstari wa kumalizia, jua likiwa mgongoni mwake, jina la mbio lionekane kwenye namba za kifuani. Picha zitolewe bure jioni ileile. Kila mtu ataiweka yake kwenye ukurasa wake, na marafiki zake wataanza kuuliza mbio nyingine ni lini, kwa hiyo muwe na tarehe tayari.

Kitakachobaki, lipieni tangazo siku kumi za mwisho, kwa watu wa karibu tu, mkitumia picha yenu wenyewe mkiwa na jasho.