Mama mkwe anasema mtoto ana kiu

*Assalamu alaikum, Somo. Niko Konde, Pemba. Nimejifungua mtoto wangu wa kwanza, mwanamke, ana wiki tano. Arobaini naikaa kwa mama mkwe, kwa kuwa mama yangu ameshatangulia mbele ya haki na mume wangu yuko kazini Nungwi. Mtoto namnyonyesha tu, simpi kitu chengine. Sasa na joto hili la kaskazi mama mkwe anasema mtoto ana kiu, nimpe maji kwa kijiko, ati hata kuku huwekewa maji. Mwenyewe anamvisha kofia na soksi asipigwe na upepo. Kuanzia magharibi mtoto hataki kuachia ziwa, nikimtoa analia. Maziwa yangu mwanzo yalikuwa yakijaa mpaka yanauma, siku hizi yamelegea, na nikikamua yanatoka matone. Leo siku ya tatu hajapata choo. Alizaliwa na kilo 3, kliniki ya wiki ya pili alikuwa na kilo 3.2. Nitajuaje kama anapata ya kumtosha? Na mama mkwe nimwambieje, na mimi nakaa kwake?*
*Mzazi, Konde*

Waalaikumu salamu, mwanangu, na hongera ya uzazi. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote nilikuwa natafuta neno moja nisilione: mkojo. Umenieleza kilio, umenieleza ziwa, umenieleza choo, mpaka kuku umenieleza. Mkojo hukuutaja, na huo ndio wenye jibu lako.

Kinachoingia kwa mtoto anayenyonya hukioni. Kinachotoka unakifua kila siku kwa mikono yako miwili. Mtoto akishapita siku tano za mwanzo, akiwa anapata maziwa ya kutosha, hukojoa mara sita au zaidi kwa usiku na mchana mmoja, na mkojo wake unakuwa kama maji au wa manjano ya mbali. Akipungukiwa, nepi zinazorowa zinakuwa chache, mkojo unakoza rangi na kutoa harufu. Zile siku za mwanzo kabisa hesabu ni ndogo, nepi moja siku ya kwanza, mbili siku ya pili, kwa sababu dang'a, yale maziwa ya kwanza, yenyewe ni kidogo na ndiyo inayotakiwa. Hata doa la rangi ya matofali kwenye nepi siku hizo halitishi. Ukiliona leo, kwa mtoto wa wiki tano, usilinyamazie.

Kama unatumia nepi za kitambaa, kazi ni nyepesi, kitambaa hakifichi. Pampasi ndiyo inayodanganya, inanywa mkojo wote ikabaki kavu juu. Chukua moja mpya, imwagie vijiko vitatu vya mezani vya maji, uishike. Mkono wako ukishaujua uzito ule, hutahangaika tena kukisia.

Sasa tuje kwenye yanayokukosesha usingizi.

Maziwa kulegea si kukauka. Mwanzo mwili ulikuwa haujui mtoto anataka kiasi gani, ukatengeneza kwa kubahatisha, ndiyo yakawa yanajaa na kuuma. Kufika wiki ya nne, ya sita, umeshamjua, unatengeneza anachonyonya. Na hayo matone unayokamua hayapimi kitu. Mkono haunyonyi kama mtoto anavyonyonya, na wanawake wengi wenye watoto vibonge wakikamua hawajazi hata kikombe cha kahawa.

Kung'ang'ania ziwa kuanzia magharibi ni tabia ya watoto wa umri huu. Ananyonya, anaachia, analia, anarudi, saa mbili tatu mfululizo, na kwa kufanya hivyo anauagiza mwili wako utengeneze zaidi. Mpe tu. Kwa siku nzima kunyonya mara nane mpaka kumi na mbili ni kawaida, na joto likizidi atataka mara nyingi zaidi, kidogo kidogo. Maziwa yanayotangulia kutoka ni mepesi, ndiyo ya kukata kiu.

Choo je? Angekuwa na wiki mbili ningekwambia kesho asubuhi uwe kliniki, maana mtoto mchanga kiasi hicho anatakiwa apate choo cha manjano mara tatu nne kwa siku, na kikikosekana huenda maziwa hayamfikii. Kuanzia wiki ya tano hivi wengine hukaa siku kadhaa, hata wiki, kisha kikatoka kingi na laini, na hakuna ubaya. Masharti yake ni kwamba mkojo uwepo, tumbo lisiwe gumu limevimba, na asitapike. Akitapika kijani, hiyo ni hospitali saa hiyo hiyo.

Mimi anayelia hanitishi sana. Anayenitisha ni mpole. Wangu wa kwanza alikuwa mpole mpaka majirani wakanionea choyo: analala, haamki, ukimpa ziwa ananyonya mara tano kashalala tena. Kazaliwa na kilo 3.1, siku ya kumi na mbili mzani ukasoma 2.8. Karibu watoto wote hupungua kidogo siku za mwanzo, lakini kufika wiki mbili awe amerudia uzito wake wa kuzaliwa, na wangu alikuwa ndiyo kwanza anashuka. Mkunga mmoja mtu mzima alinikalisha kitako, akamgeuza mtoto tumbo lake kwa tumbo langu, akangoja apanue kinywa kama anapiga miayo, ndipo akamsogeza. Sehemu nyeusi ya ziwa ikaingia kwa wingi, si chuchu peke yake, na kidevu kikagusa ziwa. Nikasikia anameza, *gub*, *gub*, sauti ambayo siku kumi na mbili sikuwa nimeisikia. Hebu msikilize wako usiku kukiwa kimya. Baada ya kufyonza haraka haraka mwanzoni, utamsikia anavuta, anameza, anapumzika.

Mzani ndio utakaomaliza ubishi. Kutoka kilo 3.2 za wiki ya pili mpaka leo ni wiki tatu. Mtoto wa umri huu huongeza gramu 20 mpaka 30 kwa siku, kwa hiyo natarajia kilo 3.6 au zaidi. Ikisoma 3.3, mwambie muuguzi akutazame unavyonyonyesha pale pale, asikwandikie maziwa ya kopo kabla hajakutazama.

Ama maji, usimpe. Maziwa yako, katika kila sehemu 100, zaidi ya 85 ni maji, na hayo yamekuja na chumvi yake na chakula chake. Kijiko cha maji kinajaza tumbo dogo bila ya kulisha, ananyonya kidogo, na wewe unatengeneza kidogo. Yakiwa mengi huzimua chumvi ya damu, mtoto akaweza kupata degedege. Na maji yakiwa si salama, kuharisha hakuko mbali. Kiu yake dawa yake ni ziwa, hata kama amelishika nusu saa iliyopita. Wewe ndiye unywe ukisikia kiu. Na uji wa pilipili manga anaokupikia mama mkwe unywe kwa raha zako. Watu husifu supu ya pweza kwa kuleta maziwa. Tamu ni tamu, lakini maziwa huitwa na mtoto anayenyonya. Na likija kombe, yale maji ya aya za Kurani, la kumnywesha mtoto, sema, “Ninywe mimi, mtoto atanyonya.”

Na mama mkwe mwenyewe sasa. Usiende kwake na “wataalamu wanasema”. Alipokuwa analea watoto wake, wataalamu hao hao walikuwa wanasema mengine. Shirika la Afya Duniani lilikuwa likitaja miezi minne hadi sita, na ni mwaka 2001 ndipo liliposimama kwenye miezi sita kamili ya ziwa bila ya hata maji. Kwa hiyo yeye si mjinga, amefanya aliyoyakuta. Wala usimtolee aya ya 233 ya Suratul Baqara. Anaijua kuliko mimi na wewe, nayo inazungumzia miaka miwili ya kunyonyesha, kijiko cha maji haikukitaja.

Mpe kazi. Mwambie, “Mama, mimi usingizi unanizidi, nisaidie kumhesabia mtoto nepi.” Tafuteni kopo na komwe za bao. Kila nepi ikirowa, yeye anatia komwe moja, kuanzia alfajiri mpaka alfajiri. Zikifika sita, saba, ataziona mwenyewe kwamba maji yanaingia, kwani yangetoka wapi? Zisipofika, basi shaka yake ilikuwa ya haki, na mtakwenda kituoni pamoja. Mumeo naye, huko Nungwi aliko, apige simu amshukuru mama yake kwa kumlea mzazi. Asimpe darasa, amshukuru tu.

Yapo ya kutongoja komwe. Mtoto amelegea haamshiki, hataki ziwa kabisa, utosi umebonyea, kinywa kikavu, saa sita mpaka nane zimepita bila ya mkojo, mwili una homa au umekuwa baridi, anapumua kwa shida, au anapata degedege: kwa mtoto ambaye hajafika miezi miwili, lolote kati ya hayo ni la hospitali usiku huo huo, hata kama gari ni la kukodi. Ukimwangalia machozi usihangaike, wengi wa umri wake hulia makavu. Akiharisha, mpeleke, na usimwachishe ziwa njiani. Huko wakimpa maji ya chumvi ya dawa wanatibu, si ile kiu tunayoizungumza hapa.

Jumatatu nendeni kliniki. Mtoto abebwe na mama mkwe, kadi ushike wewe, na namba akisomewa asomewe yeye. Komwe anzeni leo.

Na hizo soksi mvue sasa hivi. Kaskazi hii!